Mshale huachiwa au hufyatuliwa? Historia ya kifaa kisicho na jina

Kiswahili hakina uhaba wa msamiati wa uta. Silaha yenyewe ina majina mawili, uta na upinde. Kamba yake ni upote. Uti wa mshale ni wano, ncha yake ni kigumba au chembe, na mfuko wa kubebea mishale ni podo au ziaka. Anayeutumia uta harushi mshale tu kama mtoto anavyorusha jiwe; anafuma. Hata hivyo, kipo kifaa kimoja ambacho lugha yetu bado haijakipa jina, nacho ndicho kinachoamua iwapo mshale utafika ulikotumwa au utaishia kichakani. Ni kifaa cha mkononi kinachoushika upote ukiwa umevutwa, kisha kuuacha uende.

Kifaa hiki nimeanza kukifikiria kwa sababu ya swali. Kijana mmoja wa hapa kwetu Theta, kati ya Ruiru na Thika, ana binamu yake Marekani anayewinda paa kwa upinde, kwa kibali cha serikali ya huko. Binamu ameahidi kumtumia kifaa hicho ili naye ajifunze kulenga shabaha. "Mwalimu," akaniuliza, "ziko aina nyingi sana, nimwambie anitumie gani?" Msomaji atashangaa swali la duka la michezo limetafuta nini kwa mwalimu wa lugha. Mimi sikushangaa. Jibu lake limo ndani ya vitenzi viwili tunavyovitumia kila siku bila kuvitofautisha: kuachia na kufyatua.

Tuanze na kufyatua. Mtego wa panya hufyatuka. Risasi hufyatuliwa. Matofali nayo hufyatuliwa kutoka kwenye kalibu. Kitenzi hiki kimezaliwa na kingine, fyata, chenye maana ya kubana kitu kikabanika: mbwa mwoga hufyata mkia, na mtu aliyekanywa hufyata ulimi. Ukiongeza kiambishi cha kutendua unapata fyatua, kama vile funga inavyozaa fungua na ziba ikazaa zibua. Kufyatua, basi, ni kukiondoa kwa ghafla kilichokuwa kimebanwa. Panapofyatuliwa pana amri: mtu ameamua, sasa hivi, kitu kitoke.

Kuachia ni jambo jingine. Mzizi wake ni acha, na umbo lake ni la kutendea, kama mtu anavyomwachia mwenzake njia, au mzee anavyowaachia wanawe shamba. Hapa kwetu mtaani utasikia "wachilia", lakini ni neno lile lile. Anayeachia hatoi msukumo. Anaondoa kizuizi tu, kitu kikaenda kwa nguvu zake chenyewe. Ukizishika tofauti hizi mbili, umeshika nusu ya elimu ya uta.

Elimu hiyo si ngeni kwetu. Neno uta ni la zamani kuliko Kiswahili chenyewe, maana limo katika lugha nyingi za Kibantu. Mkikuyu na Mkamba husema ũta, na ukienda kusini utawakuta Wachewa na Washona nao wakisema uta. Podo kwa Kikuyu ni thiaka, jina ambalo mtu anayeijua ziaka halihitaji kutafsiriwa. Upinde ni jina la baadaye lililotokana na tendo la kupinda, na leo limebebeshwa kazi ya mvua hata wanafunzi wengi hawalijui lingine. Ukimtajia mtoto wa shule upinde, ataangalia mawinguni.

Fasihi yetu nayo imejengwa kwenye upote uliovutwa. Fumo Liongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, alikuwa mfumaji hodari. Masimulizi yanaeleza jinsi maadui zake walivyomwalika kwenda kula makoma, kila mtu akipanda mkoma kwa zamu yake, nia yao ikiwa ni kumuua akiwa juu ya mti. Zamu yake ilipofika, Liongo hakupanda. Aliweka mshale kwenye uta akayaangusha makoma kutoka chini. Na kifo chake, kama Edward Steere alivyokichapisha katika mkusanyiko wake wa hadithi wa mwaka 1870, ni kifo cha mshale ambao haukuachiwa. Alipochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, alijikongoja hadi kisimani, akapiga goti, akaweka mshale kwenye uta, na kukata roho akiwa katika hali hiyo. Watu walikosa maji kwa kuogopa kumkaribia. Kilichowatisha kilikuwa mkono ambao ulikuwa bado haujaachia.

Mkono huo unashikaje upote? Mwaka 1885 Edward Morse, mwanazuoni wa Marekani aliyewahi kufundisha Japani, alichapisha uchunguzi kuhusu namna mataifa mbalimbali yanavyouvuta uta. Aligundua kwamba binadamu, kwa tofauti zao zote, wana njia chache tu. Ya kwanza na nyepesi ni kubana mkia wa mshale kati ya kidole gumba na cha shahada, kama mtoto anavyofanya na uta wa kuchezea. Njia mbili zinazofuata zinaanzia hapo hapo, ila vidole vingine vinasaidia kuuvuta upote wenyewe. Ya nne aliihusisha na nchi za bahari ya Mediterania: vidole viwili au vitatu huukunja upote kama ndoana, gumba likakaa kando. Ya tano aliipa jina la Wamongolia: gumba ndilo linalovuta, na kidole cha shahada hulifunga lisiponyoke.

Njia hii ya tano ndiyo iliyozaa kifaa cha kwanza. Upote mwembamba wa upinde mzito hukata ngozi ya gumba, na watu wa Asia walitengeneza pete ya kuukinga. Katika kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme wa Uchina aliyezikwa yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo, wachimbuaji wa mwaka 1976 huko Anyang walikuta pete ya gumba ya jiwe la jedi yenye mfuo wa kupitishia upote. Baadaye Waajemi, Waarabu na Waturuki walivaa pete za pembe, mfupa na mawe ya thamani, na wanazuoni wao wakaandika vitabu vizima juu ya namna ya kuachia. Pete haikuwa pambo. Upote ulitelezea juu ya kitu kigumu na laini badala ya nyama ya kidole, ukaondoka safi bila kuyumba. Kila kifaa kilichofuata kimekuwa kikitafuta kitu hicho hicho: upote uondoke safi.

Afrika Mashariki tulibaki na vidole, na vidole vyetu havikuwa haba. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida walipoivamia Mombasa, walipokelewa kwa mishale na mawe. Bara, kuelekea Tsavo na mto Galana, Wawaata walikuwa na pinde ndefu ambazo baadhi yake zilipopimwa zilizidi ratili 100 za mvuto, ilhali pinde nyingi za kuwindia za leo ni za ratili 60 au 70. Mwaata alimnyemelea ndovu hadi karibu sana, akamfuma kwa mshale uliopakwa sumu ya mti ambao Waswahili huuita msunguti na Wakikuyu mũrichũ. Sumu ya jamii hiyo ya miti ndiyo mwanakemia Mfaransa Arnaud aliyoitenga mwaka 1888 na kuipa jina lililotokana na neno la Kisomali. Baadaye ilitumika hospitalini kama dawa ya moyo.

Hapa kwetu Theta historia hiyo iko karibu kuliko tunavyodhani. Ukitazama mashariki siku isiyo na ukungu unauona Kilimambogo, na ng'ambo yake ni Ukambani, nchi ya wafumaji. Katikati ya nchi hii ndipo Mmarekani William Northrup McMillan alipokuwa na shamba lake la Juja, na mwaka 1909 akampokea Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Katika safari yake ya Afrika Roosevelt na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa bunduki, na dunia ikaisoma habari hiyo kama ushujaa na sayansi. McMillan mwenyewe amezikwa Kilimambogo. Wakati huo huo sheria za wanyamapori za serikali ya kikoloni zilikuwa zikiufanya uwindaji kuwa haki ya mwenye leseni, na leseni ilikuwa ya mwenye pesa na bunduki. Mwenye uta akabaki nje ya sheria kwenye ardhi aliyowinda babu yake.

Tazama basi lugha ilivyofuata nyayo za sheria. Kiswahili cha zamani kilimwita mwindaji msasi, na kazi yake usasi, bila kumuuliza amebeba silaha gani. Kisha likaja neno jangili, lenye asili ya Bara Hindi, ambako hueleza kitu cha mwituni. Mtu yule yule, na uta ule ule, akahama kutoka usasi hadi ujangili bila kunyanyuka alipoketi. Kati ya mwaka 1956 na 1957 operesheni kubwa ya Tsavo iliwakamata wafumaji wengi wa Kiwaata na Kikamba, wakafungwa. Sisemi ndovu hawakuhitaji kulindwa. Walihitaji, na bado wanahitaji. Ninalosema ni kwamba pamoja na watu hao tulifungia ndani elimu ya kuachia. Mwaka 1977 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori nchini, na sheria ya mwaka 2013 ikakaza uzi. Leo anayetoka hapa Theta na upinde kwenda kutafuta kitoweo cha paa anatafuta kifungo.

Kwa hiyo Mkenya mwenye upinde amebakiwa na njia moja halali, shabaha. Huko ng'ambo, katika majimbo ya Marekani, Namibia au Afrika Kusini, binamu zetu wanaweza kuwinda kwa kibali. Ndiyo maana swali la kijana wangu lilikuwa na pande mbili. Binamu anachagua kifaa kwa macho ya mwindaji, naye anakihitaji kwa kazi nyingine kabisa.

Kifaa chenyewe kilienea kwa sababu upinde ulibadilika. Mwaka 1966 Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza ya upinde wenye kapi kwenye ncha zake, akaipata mwaka 1969. Kapi hizo hufanya jambo ambalo Liongo asingeliamini: ukiuvuta upinde hadi mwisho, uzito unapungua. Upinde wa ratili 60 unaopunguza asilimia 80 unakuachia ratili 12 tu za kushikilia. Unaweza kutulia na kulenga. Lakini upinde huo ni mfupi, upote wake hufanya pembe kali unapovutwa, na vidole vitatu hubanana hapo na kuupinda upande. Suluhisho likawa kitanzi kidogo cha kamba kinachofungwa kwenye upote nyuma ya mshale, na kifaa cha chuma cha kukamata kitanzi hicho. Pete ya Fu Hao imerudi na vyuma ndani yake.

Aina zake kuu ni nne. Ya kwanza hufungwa kwa mkanda kwenye kifundo cha mkono, na kidole cha shahada huvuta mtambo kama wa bunduki. Ya pili hushikwa kiganjani kwa vidole vitatu au vinne, na kidole gumba hubonyeza. Ya tatu nayo ni ya kiganjani lakini haina cha kubonyeza: ina bawaba, na kadiri misuli ya mgongo inavyoendelea kuvuta ndivyo kifaa kinavyozunguka taratibu hadi bawaba inapoachana. Ya nne hupimwa kwa nguvu: unaachia kufuli ya usalama, unaendelea kuvuta, na mvuto ukipita kiwango ulichokiweka, mshale unaondoka.

Sasa rudi kwenye vitenzi vyetu. Aina mbili za kwanza ni za kufyatua. Mbili za mwisho ni za kuachia. Mwindaji anahitaji kufyatua, kwa sababu paa hamngoji mtu. Akigeuza ubavu kwa nukta moja, mshale lazima utoke nukta hiyo, la sivyo atajeruhiwa bure na kufia mbali. Mkanda wa kifundo unamfaa pia kwa sababu kifaa hakianguki majanini, na mikono inabaki huru kushika darubini au tawi. Mlenga shabaha hana haraka hiyo, maana shabaha haikimbii. Adui yake ni yeye mwenyewe. Wafumaji wengi hupatwa na hali ambayo mimi naiita kiwewe cha shabaha: alama ya katikati ikitua tu machoni, kidole kinakurupuka kabla ya akili. Kadiri anavyojilaumu, ndivyo kinavyokurupuka zaidi. Kifaa cha bawaba au cha kupima nguvu humwondolea kidole uamuzi. Mfumaji anavuta, analenga, na mshale unamtoka bila kutangaziwa saa.

Nikamjibu hivi: "Kijana wangu, mwambie binamu yako akutumie cha kiganjani cha gumba, si cha mkanda." Sababu ni kwamba aina hiyo inasimama katikati. Ukiuweka mtambo mzito kidogo, ukalikunjia gumba juu yake bila kulibonyeza, kisha ukaendelea kuvuta kwa mgongo, unafundishwa kuachia na kifaa kilichoundwa kufyatua. Siku ukienda kwa binamu kuwinda kwa kibali, kifaa ni kile kile. Kiwe cha kukutosha kiganja: kikubwa mno huuzungusha mkono, na kidogo mno huvibana vidole. Kama amekwisha kununua cha bawaba, usikijaribie kwenye upinde siku ya kwanza. Kata kamba, ifunge iwe kitanzi cha urefu wa mvuto wako, na ujifunzie hapo kwa siku kadhaa. Ukihamia kwenye upinde, simama hatua chache tu kutoka kwenye shabaha, na unapovuta gumba lisitoke kwenye kishikio chake. Bawaba ikiachana katikati ya mvuto, ngumi yako mwenyewe itakupiga mdomoni, na mshale utakwenda usikojua kuna nani.

Asidhani kwamba bila kifaa si mfumaji. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, bendera ya Kenya ilibebwa na mfumaji, Shehzana Anwar, naye alishindana kwa upinde usio na kapi, ambao upote wake huvutwa kwa vidole kwa umbali wa mita 70. Kanuni za kimataifa za mchezo huu haziruhusu kifaa cha kuachia isipokuwa katika kundi la pinde za kapi, ambao hulenga kwa mita 50. Kundi hilo litaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028. Maana yake, vijana wetu watakaotaka kushindana huko watahitaji kifaa hiki, na makocha wao watahitaji kukitaja.

Watakitaja kwa jina gani? Njia mbili ziko wazi. Fungua imetupa ufunguo, kwa hiyo fyatua ingeweza kutupa kifyatuo. Lakini fagia imetupa kifagio, na kwa kipimo hicho achia inatupa kiachio. Mimi nachagua kiachio. Kifyatuo tuwaachie wenye bunduki na wenye mitego. Kiachio kinabeba ndani yake fundisho lote: hata chenye mtambo wa gumba, anayekitumia vizuri ni yule asiyekurupuka. Kisha tunaweza kusema kiachio cha kifundo, kiachio cha gumba, kiachio cha bawaba na kiachio cha nguvu, na mwanafunzi ataelewa kabla hajakishika mkononi.

Kuna watakaosema huku ni kujitafutia kazi, maana vijana watalitumia neno la Kiingereza kwa vyovyote vile. Nami nawakumbusha mahali ambapo mishale imebaki katika Kiswahili chetu cha kila siku. Imebaki kwenye taarifa za habari za ghasia. Mwanzoni mwa mwaka 2008, Bonde la Ufa lilipowaka, Wakenya waliuona uta kwenye runinga ukiwa mikononi mwa watu wanaowindana. Tusipouzungumzia uta kama mchezo, kama fasihi na kama ufundi wenye nidhamu, hilo ndilo fundisho pekee watakalobaki nalo watoto wetu. Walimu wanaofundisha Liongo wanaweza kuanzia darasani kesho: uta, upote, wano, kigumba, podo, na sasa kiachio. Wakimaliza, wawaulize wanafunzi kama Liongo pale kisimani alikuwa anataka kuachia au kufyatua, na wawape nafasi ya kubishana.